Madereva wafundishwe gari wanazoziendesha

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hunikaa rohoni kila nipitapo barabara ya Chake Chake kwenda Wete, au ile ya kwenda Mkoani. Madereva wengi wa kisiwani kwetu wana leseni halali mfukoni, wanazijua alama za barabarani, wanajua kukunja kona na kurudi kinyumenyume, lakini gari yenyewe waliyoikalia hawaijui. Siwalaumu wao. Walifundishwa gari moja, wakaja kununua nyengine.

Kijana anayejifunza udereva huku kwetu mara nyingi huwekwa katika gari ya gia za mkono, akafundishwa klachi, akafundishwa kupanga gia na kuondoka juu ya kilima bila ya gari kurudi nyuma. Ni mafunzo mazuri na wala sisemi yaachwe. Akishapata leseni, na Mwenyezi Mungu akimjaalia uwezo, hununua gari iliyotumika kutoka Japani, kwa sababu Wajapani nao huendesha kushoto kama sisi na usukani wao uko kulia, na gari hizo takriban zote ni za otomatiki. Hapo hukabidhiwa ufunguo pamoja na maneno machache: kanyaga breki, tia D, nenda. Haambiwi herufi na nambari zilizo chini ya D zina kazi gani, wala haambiwi kitufe kidogo kilichoko ubavuni mwa mkono wa gia ni cha nini. Kitabu cha maelekezo, kama kimo ndani ya gari, ni cha Kijapani tangu jalada hadi jalada; maandishi ya kwenye skrini ni ya Kijapani; na kila akiwasha gari asubuhi husikia sauti ya mwanamke ikimsemesha Kijapani habari za kadi ya kulipia barabara za huko. Redio nayo katika gari nyingi za aina hiyo huishia megahezi 90, kwa hivyo stesheni nyingi za kwetu hazishiki, na hilo ndilo jambo la mwanzo ambalo mwenye gari hulitafutia fundi. Natamani bidii hiyo hiyo angeitia katika kuuliza juu ya taa na gia, kwa sababu redio isiyoshika haijamuua mtu.

Katika yote nitakayoyasema, naomba nikae zaidi kwenye suala la kushuka vilima, kwa kuwa hilo ndilo letu sisi Wapemba kuliko la wenzetu wa Unguja, ambako njia nyingi ni tambarare. Vilima vyetu havina urefu wa kulinganishwa na mteremko wa Kitonga kule Iringa, lakini vimefuatana. Unashuka hadi bondeni penye mpunga, unavuka daraja dogo, unapanda, unakunja kona, unashuka tena, na hali ni hiyo hiyo karibu safari nzima. Gari ikiwa imejaa abiria, au pikapu ikiwa imepakia magunia ya karafuu, breki hazipati nafasi ya kupumua baina ya kilima na kilima.

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anapokanyaga, pedi huibana diski, msuguano hutoa joto, na joto hilo inabidi litoke liende hewani kabla ya breki kutumika tena kwa nguvu. Mwendo nao haukui kwa hesabu ambayo wengi wetu tunaidhania: gari iliyo katika kilomita 80 kwa saa ina nguvu mara 4 ya gari hiyo hiyo ikiwa katika kilomita 40, na joto linalopaswa kuondolewa na breki ili isimame ni mara 4 vile vile. Pedi zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena kama kawaida, hata ukikanyaga kwa nguvu zako zote. Na nyuma ya pedi kuna mafuta ya breki, ambayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinachokubalika huteremka hadi nyuzi 140, na yakizidi kuchakaa huweza kuchemka mapema zaidi. Visiwa vyetu vina unyevu mwaka mzima. Mafuta yakichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hubonyea na mafuta hayabonyei, pedeli huzama hadi chini na gari inaendelea kwenda. Dereva akinusurika husema kuwa breki zilikatika ghafla na huapa kwamba asubuhi zilikuwa nzima. Anasema kweli. Asubuhi zilikuwa baridi.

Watengenezaji wengi wa gari hupendekeza mafuta hayo yabadilishwe yote takriban kila miaka 2. Desturi yetu ni kuyaongeza yanapopungua, basi, na watu hawajiulizi yamepungua kwa nini, ilhali kupungua kwake ni dalili kuwa pedi zimelika au kuna mahali panavuja.

Sasa, wazee wa gari za mizigo walikuwa na kauli moja ambayo kila utingo aliisikia kabla ya kukabidhiwa usukani: gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Kama kilima umekipanda kwa gia ya pili, kishuke kwa gia ya pili, kwa sababu injini isiyopewa mafuta inakuwa inazungushwa na magurudumu, na kazi hiyo ya kuizungusha ndiyo inayoizuia gari isikimbie. Breki hapo huguswa tu, kisha huachiwa zikapoa. Dereva wa gia za mkono huyafahamu haya hata kama hajui kuyaeleza. Alipohamia kwenye otomatiki aliyasahau, si kwa sababu ya ujinga, bali kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba gari yake mpya nayo inaweza kufanya hivyo hivyo.

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa skuli ya msingi, alinijia kunieleza kuwa gari yake hutoa harufu ya kuungua kila anaporudi kutoka Wete. Fundi alikwisha kumwambia kuwa breki ni nzima, na kweli zilikuwa nzima. Nilimuomba twende safari moja pamoja, yeye aendeshe na mimi nitazame. Tangu kilele cha kilima cha mwanzo hadi bondeni mguu wake haukuondoka kwenye breki, na mkono wake haukuigusa gia hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini haitii 2.

“Mzee, mimi niliambiwa nisivuke D, eti giaboksi itavunjika.”

Tulipokaribia kilima cha pili nilimwambia apunguze mwendo kabla ya kuanza kushuka, kisha aivute gia hadi 2 na auondoe mguu kwenye mafuta. Injini ikapandisha sauti, naye akashituka.

“Inanguruma, mzee.”

“Iache ingurume, mwanangu. Ndiyo inayoishika gari.”

Tulikishuka kilima chote kwa kugusa breki penye kona tu, na tulipofika chini tukasimama kando, nikakisogeza kiganja karibu na rimu ya mbele. Joto lake lilikuwa la kawaida. Mwalimu huyu ni mtu makini, hapigi simu akiendesha, mkanda anafunga hata akienda dukani, na hata hivyo alikuwa akizichoma breki zake kila siku kwa kulifuata neno la mtu aliyemuuzia gari.

Kwa faida ya wasomaji walio na gari za namna hiyo, nieleze kwa ufupi. Penye nambari 2 au 3 chini ya D, maana yake ni kuwa gari haitapanda juu ya gia hiyo. Penye L, itabaki katika gia ya chini kabisa, ambayo ni ya mteremko mkali na mwendo mdogo sana. Gari nyengine, hasa zile zisizo na hatua za gia, zina S na B badala ya nambari, na B ndiyo inayoishika gari kwa nguvu zaidi wakati wa kushuka. Kile kitufe cha ubavuni kilichoandikwa O/D huizuia gari isiingie gia yake ya juu kabisa. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF huwaka kwenye dashibodi, na taa hiyo si dalili ya ubovu, ni habari tu kwamba gia ya juu imefungwa. Kwa mteremko mdogo, kufunga O/D peke yake hutosha. Lililo muhimu ni kuichagua gia kabla ya kuanza kushuka, gari ikiwa bado iko katika mwendo wa taratibu, maana anayengoja mpaka gari imekwishakimbia ndipo aivute L huitesa injini na huweza kuyafanya magurudumu yateleze, hasa lami ikiwa na maji.

Iko na desturi nyengine ambayo ni mbaya zaidi, ya kuiweka gari fri, yaani N, mtu anapoanza kushuka, kwa imani kuwa anaokoa petroli. Nimewasikia hata watu wazima wakiwafundisha vijana hivyo. Katika gari za siku hizi zenye kompyuta, imani hiyo si sahihi hata kwa upande wa petroli yenyewe. Dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta huku gari ikiwa ndani ya gia na inakwenda, kompyuta huzifunga nozeli, na injini huzungushwa na magurudumu bila ya kuchoma petroli. Gari ikiwa fri, injini haina budi kupewa petroli ili isizime. Kwa hivyo anayeshuka fri anachoma petroli zaidi, na papo hapo ameutupa msaada wa injini na kuuacha mzigo wote kwa breki. Wapo wanaozidisha wakazima na injini kabisa. Huyo usukani wake huwa mzito, breki hubakiwa na msaada wa mikanyago miwili mitatu tu kisha hugeuka ngumu kama jiwe, na akiuchomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga gari ikiwa njiani.

Kuegesha juu ya mteremko nako kuna mafunzo yake, na anayetaka kuona haja yake aende Mkoani siku ya boti, pale barabara inapopanda kutoka bandarini na gari zimesimama upande huu na huu zikisubiri abiria. Wengi husimama, hutia P, hushuka. Ndani ya giaboksi, kinachoizuia gari ikiwa P ni kipande kidogo cha chuma kilichoingia katika meno ya gia, na kukiachia uzito wote wa gari iliyojaa mizigo ni kukitwisha kazi ambayo haikuwa yake. Utaratibu ni kusimama kwa breki ya mguu, kutia N, kukaza hendibreki, kuiachia breki ya mguu taratibu mpaka gari itulie juu ya hendibreki, kisha kukanyaga tena na kutia P, na magurudumu ya mbele kuyakunja yaelekee ukingoni ili gari ikiponyoka iingie pembeni isiende kwa watu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, na hendibreki ni katika mambo ya namna hiyo.

Hapo pana jambo dogo linalowatatiza wanaohamia kutoka gia za mkono. Katika baadhi ya gari za Kijapani, zikiwamo Noah nyingi tunazoziona huku, hendibreki si ya mkono bali ni pedeli ndogo iliyo kushoto kabisa, pale pale mguu uliozoea klachi unapotafuta kitu cha kukanyaga. Mguu huo huo wa kushoto, usipoipata pedeli hiyo, huweza kuangukia pedeli pana ya breki na kuikanyaga kwa nguvu ya klachi, na gari husimama ghafla abiria wakapiga nyuso zao mbele. Katika gari ya otomatiki mguu wa kushoto hauna kazi wakati wa kuendesha. Uwekwe pembeni utulie, na mguu wa kulia peke yake ndio utumikie mafuta na breki, kisigino kikiwa chini. Nitaongeza kuwa malapa yanayoponyoka kisiginoni, mkeka wa gari unaosogea hadi chini ya pedeli, na pindo la kanzu au buibui lililolala juu yake, vyote ni vitu vya kuvitazama kabla ya kuwasha gari, wala havigharimu chochote.

Niingie sasa kwenye dashibodi.

Siku moja nilipanda gari ya kijana mmoja kutoka Konde, na tulipofika njiani niliona taa nyekundu ya mduara wenye alama ya mshangao imewaka. Nilimuuliza. “Ah, mzee, hiyo huwaka tu, haina neno.” Hendibreki ilikuwa chini. Nilimuomba asimame, tukafungua boneti, na kichupa cha mafuta ya breki kilikuwa chini ya alama ya chini. Taa ile ilikuwa ikimwambia habari ya kweli kwa muda ambao yeye mwenyewe hakuukumbuka, na aliizoea mpaka haioni tena.

Ufunguo wa gari una hatua kabla ya injini kuwaka. Ukiusogeza hadi kwenye ON bila ya kuwasha, taa za tahadhari za dashibodi huwaka ili ujue kuwa ni nzima, nyengine hujizima baada ya muda mfupi, na injini ikishawaka zilizobaki huzimika, isipokuwa ile ya hendibreki kama imekazwa. Sekunde chache za kutazama hapo ni ukaguzi kamili ambao gari imejifanyia yenyewe. Taa isiyozimika ina la kusema. Lakini taa ambayo haikuwaka kabisa katika hatua ya ON ina la kusema zaidi, na hili naliomba walisome hasa wanaokwenda kununua gari mkononi mwa mtu: nimeiona kwa macho yangu dashibodi iliyofunguliwa, na nyuma ya taa ya injini pamebandikwa utepe mweusi ili mnunuzi asiuone mwanga wake. Aliyeubandika alijua kuwa gari ina ubovu, akachagua kumficha binadamu mwenzake ambaye angeipakia familia yake ndani yake. Mimi hilo naliona ni dhulma, na sina neno jepesi la kuliita.

Rangi za taa zina mpango wake. Nyekundu maana yake simama mahali salama. Ya njano au chungwa maana yake gari ina shida, ipeleke kwa fundi karibuni. Ya kijani na ya buluu hutoa habari tu. Kati ya nyekundu, yenye haraka kuliko zote ni ile ya kopo lenye mdomo linalodondosha tone, yaani mgandamizo wa mafuta ya injini umepotea. Ikiwaka gari inakwenda, injini izimwe pale pale gari ikishakaa pembeni, kwa sababu vyuma vinasagana vikavu na dakika chache hutosha kuiua. Yenye picha ya betri haina maana kuwa betri imekwisha. Mara nyingi maana yake ni kuwa haichajiwi, huenda kwa mkanda uliokatika, na katika gari nyingi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Gari ndogo nyingi za Kijapani hazina mshale wa kuonesha joto. Zina taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi, ambayo ni kawaida, na nyekundu inayowaka injini ikichemka. Mtu asiyejua huingoja dalili ya mshale ambao gari yake haina. Na injini ikichemka, kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka ipoe, kwani maji yaliyo ndani yamebanwa na yatamrukia usoni.

Taa ya njano ya ABS ikiwaka, breki za kawaida zinabaki, lakini ule ulinzi wa magurudumu yasijifunge haupo. Na ikiwa gari ina ABS iliyo nzima, dereva anapolazimika kusimama ghafla akanyage kwa nguvu na abaki amekanyaga. Atahisi pedeli inatetemeka chini ya mguu na atasikia mkwaruzo. Huko ni kufanya kazi kwake, asiachie. Kuikanyaga na kuiachia mara kwa mara, kama tulivyokuwa tukifanya katika gari za zamani, ni kuivurugia kazi.

Juu ya mwendo sitasema mengi, maana wengi wamekwisha kuyasema. Nitataja hesabu moja tu. Gari iliyo katika kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, aliye macho, anahitaji kama sekunde moja na nusu kuliona jambo na kuuhamisha mguu, kwa hivyo mita 33 zimekwisha kabla breki haijaguswa, na baada ya hapo hata lami ikiwa kavu atahitaji mita 35 nyengine au zaidi ili asimame. Sasa tuliweke hilo katika msimu wa karafuu, pale majamvi yanapotandikwa ukingoni mwa lami kuanzia shehia hii hadi ile, wazee na watoto wamechutama wakizigeuza karafuu, migongo imeelekea barabarani. Mtoto akinyanyuka kuifuata karafuu iliyoviringika, mita 68 ziko wapi katika barabara yenye kona kila baada ya kilima? Wakati wa masika masafa hayo huongezeka sana, na mvua ya mwanzo baada ya kiangazi ndiyo yenye utelezi zaidi, kwa sababu maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyokaa juu ya lami kabla ya kuoshwa. Kioo cha mbele kikijaa ukungu wa ndani, dawa yake si kitambaa. Ni kuwasha kiyoyozi na kuuelekeza upepo kiooni, maana kiyoyozi hukausha hewa.

Nigusie na taa za hazadi. Imekuwa mazoea, Unguja na Pemba, dereva anayefika njia panda na anataka kwenda moja kwa moja kuziwasha zote mbili kwa pamoja kama ishara. Aliyesimama upande mmoja wa njia panda anaiona taa ya upande wake tu, na kwake yeye hiyo ni indiketa ya mtu anayekunja. Wapo pia wanaoziwasha wakienda katika mvua, na hapo katika gari nyingi indiketa zao hazifanyi kazi tena, kwa hivyo aliye nyuma hajui watakunja wapi. Hazadi ni ya gari iliyosimama mahali pa hatari. Anayekwenda moja kwa moja hahitaji ishara yoyote.

Matairi nayataja kwa sababu watu huamini kuwa yenye kashata nzuri ni mazima. Tairi ina tarehe yake ubavuni, nambari 4 za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivi kwamba 2314 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya mtumba yenye umri huo, hata iking'aa, mpira wake umekwisha kukauka. Na kipimo cha upepo kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko penye mlango wa dereva. Anayejaza kwa kutazama kwa macho anakisia.

Ndugu Mhariri, ninayoyaomba hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, skuli za udereva ziweke angalau somo moja la gari ya otomatiki, lenye kushuka kilima kwa gia, kusoma dashibodi na kuegesha penye mteremko, na kama skuli haina gari hiyo iombe ya mzazi au ya jirani, maana zimejaa mitaani. Pili, wanaosimamia mtihani wa leseni wamuulize mtahiniwa taa chache za dashibodi kabla hajawasha gari, na kwa hapa Pemba wamtake ashuke angalau kilima kimoja bila ya kuikalia breki. Mtu hujifunza anachojua kuwa ataulizwa. Kikosi cha usalama barabarani, ambacho tayari huzisimamisha gari njiani kukagua leseni na bima, kingeweza pia kumuomba dereva auweke ufunguo kwenye ON, na kwa sekunde hizo chache kikajua mengi juu ya gari hiyo kuliko karatasi zake. Wauza gari nao wawe na ubinadamu wa kumkalisha mnunuzi robo saa wakamuonesha anachokinunua, na wanaofuta maandishi ya Kijapani ili gari ionekane mpya wayatafsiri kwanza.

Ombi langu la mwisho ni kwako wewe mwenyewe. Gazeti hili huingia katika maofisi, katika mabaraza ya kahawa na hadi vijijini. Naomba utenge nusu ukurasa, mara moja kwa mwezi, wa kuchapisha picha za taa za dashibodi na herufi za gia pamoja na maelezo mafupi ya Kiswahili, kwa ukubwa ambao mtu ataweza kuikata karatasi hiyo na kuiweka ndani ya gari yake. Picha ninazo, maelezo niko tayari kuyaandika bila ya malipo, na wapo mafundi wawili wa hapa Chake Chake waliokubali kuyapitia kabla hayajachapishwa ili kusiwe na kosa.

Wako,
Dereva mstaafu wa gari za abiria,
Chake Chake, Pemba.